Thaimasi kubwa kifuani mwa mtoto: ni uvimbe?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nipo Pasua, Moshi. Mwanangu ana miezi minne. Alikohoa wiki nzima, tukampeleka hospitali akapigwa eksirei. Daktari wa pale alisema mapafu hayana shida, ila kuna kivuli kipana juu ya moyo, akasema ni "tezi ya thaimasi, kawaida tu", akaturuhusu. Shemeji yangu alipoiona ile picha alisema huo ni uvimbe, tusikae kimya. Nimesoma mtandaoni kwamba kwa watu wazima tezi hiyo huwa imekwisha. Kama inakwisha, ni ya nini? Na kwa nini ya mwanangu ni kubwa? Tena mama mkwe wangu, ana miaka 67, mwezi uliopita alitokwa na mkanda wa jeshi. Kuna dada anauza unga wa kopo, anasema unaamsha thaimasi, kopo moja linafaa bibi na mjukuu. Tununue? Na chanjo za mtoto ziendelee au zisubiri hadi tezi ipungue? Mama Glory.

Jibu: Mama Glory, nianze na lile unalolisubiri, maelezo yatafuata. Kivuli kipana juu ya moyo wa mtoto wa miezi minne, anayenyonya vizuri, anayeongezeka uzito na ambaye mapafu yake ni safi, karibu kila mara ni thaimasi yenye afya. Haikatwi wala haipewi dawa. Unga msinunue. Chanjo ziendelee. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu, naye nitamfikia huko chini.

Ningekuwa na haraka ningeishia hapo. Lakini umegusa jambo ambalo madaktari wenyewe walilikosea kwa zaidi ya nusu karne, na watoto wakaumia, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kwanza ile picha. Thaimasi imekaa nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo na mishipa yake mikubwa. Mtoto anazaliwa nayo ikiwa na gramu 10 hadi 15 hivi. Hukua taratibu mpaka balehe, ikafika gramu 30 hadi 40, kisha husinyaa na mafuta yakachukua nafasi yake. Gramu 15 si kitu kwako wewe, lakini kifua cha mtoto wa miezi minne ni kidogo, na humo ndani lazima zionekane. Kwenye eksirei, mara nyingi upande wa kulia huchomoza pembetatu yenye ncha. Wasomaji wa picha huiita alama ya tanga, kwa jinsi inavyofanana na tanga la jahazi. Pengine ukingo wake unakuwa na mawimbi, kwa sababu tezi ni laini na mbavu zinaiachia alama. Ulaini huo ndio unaonituliza mimi: thaimasi ya kawaida haibani njia ya hewa wala haisukumi moyo, inajilaza ilipopata nafasi. Mtoto akivuta pumzi kwa nguvu inaonekana nyembamba, akilia na kutoa pumzi inatanuka, hata picha mbili za mtoto mmoja za siku moja zinaweza zisifanane. Akishavuka miaka miwili au mitatu haionekani tena kirahisi. Haijaisha, ila kifua kimekua kuliko yenyewe.

Aliyewahi kuchinja mwana-mbuzi ameiona bila kuijua jina: ile nyama laini, nyeupe yenye wekundu kwa mbali, iliyo mbele ya moyo ikipanda hadi shingoni. Kwa beberu mzee utaitafuta uikose.

Shemeji hakufanya vibaya kuuliza. Vipo vivuli vya kifuani ambavyo si thaimasi, na hapa kwetu cha kwanza kukifikiria ni tezi zilizovimba kwa kifua kikuu. Hizo hukaa zaidi pale mapafu yanapoungana na njia za hewa, na mtoto mwenyewe anakuwa na dalili zake: kikohozi kinachovuka wiki mbili, homa za mara kwa mara, uzito uliogoma kupanda kwenye kadi ya kliniki, na aghalabu mtu mzima wa nyumbani anayekohoa. Kwa mtoto mkubwa, tuseme wa miaka saba au kumi, kivuli kipana kifuani pamoja na kushindwa kulala chali, uso kuvimba au tezi za shingoni, hilo ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, maana zipo saratani za damu na za tezi zinazoanzia humohumo kwenye thaimasi. Mwanao hayumo katika maelezo haya. Mashaka yakibaki, kipimo cha kuomba ni ultrasaundi ya kifua. Haina mionzi, na thaimasi ya mtoto mchanga huonekana humo vizuri sana. Msirudie eksirei ya pili na ya tatu kwa ajili ya kumtuliza shemeji.

Nina sababu ya kuitaja mionzi. Mwaka 1889, mjini Vienna, daktari Arnold Paltauf aliandika kwamba watu waliokufa ghafla bila sababu iliyoonekana, wengi wao watoto, walikutwa na thaimasi kubwa. Akaona kwamba hiyo ni hali ya kimaumbile inayomfanya mtu afe kwa jambo dogo. Ikapewa jina refu la Kilatini, ikaingia vitabuni, na tangu hapo lawama ikapata pa kuangukia. Mtoto akifia usingizini, ni thaimasi. Akifa kwa dawa ya usingizi mezani pa upasuaji, ni thaimasi, na daktari aliyemlaza hana kosa. Mwaka 1907, huko Cincinnati, Marekani, Alfred Friedlander alimpiga mtoto mionzi ya eksirei ili tezi ipungue. Ikapungua kweli, kwa kuwa seli zake hufa upesi sana zikipigwa mionzi. Njia ikaonekana imefaulu. Miongo iliyofuata maelfu ya watoto wa Marekani walipigwa mionzi ya kifua na shingo, wengine wakiwa hawaumwi chochote, kama kinga tu.

Walikosea wapi? Maiti zilizokuwa zikifika kwenye meza za uchunguzi wakati huo zilikuwa kwa sehemu kubwa za maskini, watu walioumwa muda mrefu na kukosa chakula. Na thaimasi hunywea upesi kuliko kiungo kingine chochote mwili unapopata shida. Homoni za msongo zinazotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo huua seli zake ndani ya siku chache. Kwa hiyo tezi iliyonyauka kwa njaa na maradhi ndiyo iliyochukuliwa kuwa ya kawaida, kwa sababu ndiyo waliyoizoea kuiona. Alipoletwa mtoto mnene, jana alikuwa anacheza na usiku amekufa ghafla, tezi yake nzima na salama ilionekana ya kutisha. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1931 haukukuta ushahidi wowote wa ugonjwa huo, lakini Marekani mionzi iliendelea hadi miaka ya 1950. Mwaka 1950 Duffy na Fitzgerald wa New York waliandika juu ya watoto wenye saratani ya tezi ya shingoni, ile inayovimba ikawa rovu, na kuonyesha ni wangapi kati yao waliokuwa wamepigwa mionzi ya thaimasi wakiwa wachanga. Ndiyo maana mtu akiniambia thaimasi ya mtoto "ni kubwa mno", namuuliza ameilinganisha na ya nani.

Mimi nikisoma picha ya mtoto mchanga mgonjwa, kinachonishtua ni kutokuiona.

Umeuliza ni ya nini. Mpaka mwaka 1960 hakuna aliyejua. Watafiti walikuwa wameitoa kwa wanyama wakubwa, wanyama wakaendelea kula na kutembea, ikaonekana ni masalia yasiyo na kazi. Kisha kijana mmoja, Jacques Miller, alikuwa London akichunguza saratani ya damu kwa panya. Utafiti wake ulimlazimu kuitoa thaimasi kwa panya waliozaliwa siku hiyo au siku iliyofuata, jambo gumu, panya wa umri huo hazidi ncha ya kidole. Wakakua vizuri hadi walipoachishwa kunyonya, ndipo wakaanza kukonda, kuharisha na kufa. Miller alikuta chembe nyeupe za aina ya limfosaiti zimepungua sana mwilini mwao. Akawabandika ngozi ya panya wa ukoo mwingine, ngozi ambayo mwili wa kawaida huikataa ndani ya siku chache. Wao wakaipokea, nywele zikaota. Alipochapisha mwaka 1961 wengi hawakumwamini. Lakini hapo ndipo ilipoeleweka: thaimasi hufanya kazi yake kubwa mapema kabisa, ukiitoa kwa mkubwa umechelewa, askari wamekwisha kusambaa mwilini.

Askari hao tunawaita seli T. CD4, ambazo kila aliyepita CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, amezisikia, ni kundi mojawapo la seli hizo, na kazi yao ni kuamrisha na kuratibu wengine. Kundi jingine, CD8, huua seli za mwili zilizokwisha kuingiliwa na virusi. Wote huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, lakini hawatoki huko wakiwa tayari. Husafiri kwa damu hadi kwenye thaimasi na kukaa humo wiki chache. Humo kila seli hujitungia kipokezi chake, yaani mkono wa kushikia adui, kwa kuchanganya vipande vya jeni kama bahati nasibu. Faida ya bahati nasibu ni kwamba unapata mamilioni ya vipokezi tofauti, hata cha kirusi ambacho hakijazaliwa duniani. Hasara yake ni kwamba vingi havifai kitu, na vingine vitashika mwili wako mwenyewe.

Ninyi mko Kilimanjaro, mnajua kahawa inavyochambuliwa. Ikishavunwa hutiwa majini kwanza, zinazoelea zinaondolewa. Hizo ni tupu. Zilizobaki humenywa, hulowekwa, huanikwa, kisha watu hukaa juu ya kitanda cha waya wakitoa moja moja zile ambazo zimejaa lakini zina kasoro. Thaimasi nayo ina machambuo mawili, na kila moja linatafuta kosa lake. Kwenye tabaka la nje seli hupimwa kama kipokezi chake kinaweza kusoma vitambulisho ambavyo seli za mwili hubeba juu yao. Isiyoweza huachwa ikafa yenyewe. Zilizopita huingia tabaka la ndani, na huko huonyeshwa sampuli za mwili wenyewe. Seli itakayoishika sampuli hiyo kwa nguvu huamriwa kujiua, au, chache, hugeuzwa kazi. Mkulima angefilisika kwa uchambuzi huu, maana zaidi ya seli 95 katika kila 100 hazitoki hai.

Hilo chambuo la pili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, niruhusu nikae hapo. Jiulize: tezi iliyoko kifuani inazipata wapi sampuli za kongosho, za jicho, za tezi ya shingoni? Kongosho liko tumboni. Jibu lilipatikana baada ya mwaka 1997, jeni iitwayo AIRE ilipotambuliwa. Jeni hiyo huzifanya seli za thaimasi zitengeneze, kwa kiasi kidogo sana, protini ambazo kwa kawaida ni za viungo vingine tu. Thaimasi hutengeneza insulini kidogo, wala si kwa ajili ya sukari. Ni ya kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba hii ni yetu, isiguswe. Watoto wanaozaliwa na AIRE mbovu hushambuliwa na kinga yao wenyewe: tezi zinazosimamia kalsiamu zinaharibika, tezi za juu ya figo zinaharibika, na ukungu wa mdomoni hauwaachi.

Zile chache zinazogeuzwa kazi nazo si za kudharau. Mwaka 1969 watafiti wa Japani walikuwa wameona kitu cha ajabu: panya akitolewa thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kinga yake haiwi dhaifu tu, inamgeukia na kula viungo vyake. Shimon Sakaguchi aliufuata uzi huo kwa miaka mingi, na mwaka 1995 akaonyesha kundi la seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata jeni inayoziongoza. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Sasa turudi kwa mtoto wako, na kwa nini nasema ukubwa ni habari njema. Mwaka 1845 John Simon wa London alikwisha kuandika kwamba thaimasi hupungua upesi mnyama akikosa chakula. Sisi tunaolaza watoto wenye utapiamlo mkali tunayaona matokeo yake: mtoto wa kwashiakoo hafi kwa njaa yenyewe mara nyingi, anakufa kwa nimonia au kuhara, kwa kuwa tezi ya kufundishia askari imebaki kikonyo. Akilishwa, inarudi. Nchini Guinea-Bissau watoto walipimwa thaimasi kwa ultrasaundi wakiwa wachanga, na wenye tezi ndogo walikufa zaidi katika miezi iliyofuata, hata baada ya kuzingatia uzito wao. Katika vijiji vya Keneba, Gambia, waliozaliwa msimu wa njaa walikuja kufa mapema zaidi wakiwa vijana kuliko waliozaliwa msimu wa mavuno, na watafiti walipopima thaimasi za wachanga wa huko walizikuta ndogo msimu huohuo wa njaa. Na huko Denmark, mwaka 1996, watoto wa miezi minne walionyonya maziwa ya mama peke yake walikutwa na thaimasi kubwa kiasi cha mara mbili ya wale wa maziwa ya kopo. Umri wa mwanao huo. Kama unamnyonyesha bila kumchanganyia maji, uji wala maziwa ya ng'ombe, kile kivuli shemeji alichokiogopa ni kazi ya matiti yako. Endelea hivyo hadi afike miezi sita, ndipo mtori wenye nyama ya kusagwa, mayai, maharage na dagaa vianze kuingia. Madini ya zinki yakipungua thaimasi hunywea pia. Hiyo ni sababu mojawapo ya vile vidonge vya zinki mnavyopewa pamoja na ORS mtoto akiharisha. Vimalizeni siku zote kumi hata kama kuhara kumekoma.

Kuna watoto wanaozaliwa bila thaimasi. Angelo DiGeorge wa Philadelphia aliwaeleza mwaka 1965. Kipande kidogo cha kromosomu ya 22 kinakosekana, jambo linalompata mtoto mmoja katika kila 4,000 hivi, na kwa kuwa thaimasi, tezi za kalsiamu na mishipa mikubwa ya moyo hujengwa pamoja tumboni, hasara huwa ya pamoja: moyo wenye kasoro, degedege la kupungukiwa kalsiamu siku za kwanza, kaakaa lenye tundu. Wengi wao wana thaimasi ndogo na inawatosha. Wasiokuwa nayo kabisa hawafiki mmoja katika mia. Kwa hao wachache wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, hukuza maabara vipande vya thaimasi na kuvipandikiza kwenye msuli wa paja, na seli T huanza kutoka pajani. Tiba hiyo iliidhinishwa huko Oktoba 2021. Vipande vyenyewe hutoka kwa watoto wanaofanyiwa upasuaji wa moyo, kwa sababu ili kuufikia moyo wa mtoto mpasuaji hulazimika kuondoa sehemu ya thaimasi iliyo mbele yake. Kwa kawaida ingetupwa.

Upungufu wa kinga kwa mtoto hautafutwi kwa kukodolea kivuli. Unatafutwa kwa historia: nimonia mbili au zaidi ndani ya mwaka, usaha wa masikio usiokoma, ukungu wa mdomoni unaoendelea baada ya mwaka mmoja, uzito usiopanda, kidonda cha chanjo ya BCG kilichogeuka jipu kubwa au kuvimbisha kwapa, au ndugu wa tumbo moja waliokufa wachanga. Ukiona hayo, kwanza mtoto apimwe VVU, kisha aonwe na daktari bingwa wa watoto; pale Moshi mna hospitali ya KCMC, hamna haja ya kusafiri. Kikohozi kimoja cha wiki moja hakimo katika orodha hiyo. Kwa mtoto wa miezi minne ni mambo ya kawaida, hasa nyumba ikiwa na wakubwa wenye mafua.

Bibi sasa. Aliyewahi kuugua tetekuwanga hubaki na kirusi chake, kimelala kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo, na seli T ndizo zinazokilinda kisiamke. Ujana ukipita, thaimasi hutoa seli mpya chache mno, na wale askari wa zamani wanachoka. Kirusi kinaamka na kufuata neva moja, ndipo malengelenge yanajipanga mstari upande mmoja wa mwili. Kwa hiyo miaka 67 peke yake inatosha kuleta mkanda wa jeshi. Hata hivyo apimwe VVU na sukari. Najua maneno ya mtaani juu ya ugonjwa huu, na najua wakwe hawapimwi kwa kuambiwa na mkaza mwana, kwa hiyo mwambie mume wako ampeleke mama yake. Kipimo ni cha kila mtu, na akikutwa salama maneno yanakwisha. Dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, asikloviri, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu upele utokee, kwa hiyo wakati wake umepita. Lakini kama maumivu ya kuungua bado yapo, arudi hospitali: zipo dawa za maumivu ya neva, na panadoli si mojawapo. Malengelenge yakiwa mabichi yanaweza kumwambukiza mtoto tetekuwanga. Yakishakauka na kuwa magaga, bibi na ambebe mjukuu wake.

Ulichosoma kwamba kwa watu wazima tezi hii imekwisha si kweli yote. Mwaka 2023 madaktari wa Boston walilinganisha watu wazima waliotolewa thaimasi katika upasuaji wa kifua na wengine waliopasuliwa kifua bila kutolewa. Ndani ya miaka mitano, waliotolewa walikufa 8.1 katika mia, wenzao 2.8, na saratani ziliwapata mara mbili zaidi. Kwa hiyo hata ile iliyosinyaa bado ina kazi. Wapo wanaotolewa kwa sababu nzuri, mathalani wenye uvimbe wa thaimasi au ule ugonjwa wa misuli kuchoka na kope kuanguka, na hao wasikatae upasuaji kwa kusoma barua hii.

Je, inaweza kuamshwa? Najua dada wa kopo atakuonyesha habari za wanasayansi wa Marekani. Jaribio analolisema lilichapishwa mwaka 2019. Lilikuwa na wanaume tisa, halikuwa na kundi la kulinganishia, na walichomwa sindano za homoni ya ukuaji chini ya uangalizi, pamoja na dawa nyingine mbili. Hakuna unga wa kunywa humo. Kama kopo lake kweli lina thaimasi ya ng'ombe iliyokaushwa, tumbo litaimeng'enya kama nyama nyingine yoyote, ni supu ya bei ghali. Kama lina kitu kingine, ndio hofu yangu kubwa zaidi: unga kama huo ukichanganywa kwa siri na dawa za steroidi, ndugu wa zile homoni za msongo, humpa mzee nguvu za wiki mbili na kumpunguzia maumivu, huku thaimasi ikizidi kunywea. Mwulize namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, uone atakavyojibu. Mtoto wa miezi minne hanywi chochote cha namna hiyo, hata kingekuwa na usajili.

Chanjo zisisubiri hata siku moja. Chanjo inahitaji seli T zilizofundishwa, na sasa hivi mwanao anazizalisha kwa wingi kuliko atakavyozalisha maishani mwake mwote. Kile kipele cha BCG kilichotoka mkononi wiki chache baada ya kuzaliwa kikaacha kovu, zilikuwa ni hizo seli kazini. Ingawa wapo watoto wazima ambao kovu halikutokea, usihangaike nalo. Angalia kadi: za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ziwe zimekamilika. Kama ya wiki ya 14 ilirukwa kwa sababu ya kikohozi, nenda kliniki kesho, mafua madogo hayazuii chanjo. Zinazofuata ni za surua na rubella, miezi 9 na tena miezi 18.

Mrudishe hospitali bila kungoja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, akilegea, au kikohozi kikivuka wiki mbili. Na ile filamu ya eksirei usiitupe wala usiikunje. Iweke kwenye bahasha yake pamoja na kadi ya kliniki, ili siku mtoto akipigwa picha nyingine daktari awe na ya kulinganishia.